Nyama Ikitoka Sahanini, Nini Kinaingia?

Mwezi Mei 2019, Akademia ya Kifalme ya Tiba ya Ubelgiji ilitoa tamko zito: mlo wa mimea tupu, usio na nyama, samaki, mayai wala maziwa, haufai kwa mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto wala kijana anayekua. Mwaka 2021 Baraza Kuu la Afya la nchi hiyohiyo likaja na sauti ya upole zaidi. Lilisema mlo usio na nyama ukipangwa vizuri unaweza kuwa mlo wa afya, ila asiyekula chochote kitokacho kwa mnyama aongeze vitamini B12, na wajawazito na watoto waangaliwe kwa karibu na mtaalamu. Chama cha wataalamu wa lishe wa Marekani kilishasema mwaka 2016 kwamba mlo wa mimea tupu, ukipangwa, unafaa kwa umri wowote. Wenzao wa Ujerumani, mwaka huohuo, walisema hawaupendekezi kwa watoto. Mzazi aliyesoma yote haya ana haki ya kuuliza: amsikilize nani?

Swali hili lina makazi yake Saint-Gilles, manispaa ndogo iliyosongamana kusini mwa kitovu cha Brussels. Wenyeji wake wa zamani walitaniwa kwa jina la Kuulkappers, yaani wakata kabichi, kwa sababu kabla mji haujawameza walikuwa wakulima wa mboga. Leo, Jumapili, soko la Midi lililo pembeni mwa kituo cha treni hujaa zeituni, kotimiri na dengu. Maduka ya Wareno yana samaki wa chumvi, yuleyule ambaye Wakongo humwita makayabu. Maduka ya vyakula asilia yamepanga vinywaji vya oti, mchele na soya palepale yanapokaa maziwa. Ukisogea kidogo hadi Matonge, mtaani Ixelles, unakuta sombe (majani ya muhogo), ndakala (dagaa) na mawese. Kijana aliyezaliwa na wazazi wa Bukavu au Bujumbura anaweza kusema mezani kwamba ameacha nyama, na mama yake asijue afurahi au ampeleke kwa daktari.

Makala haya yanapima hoja za pande mbili. Yanaanza na maneno yenyewe, kwa kuwa nusu ya ugomvi imejificha humo.

Milo mitatu, jina moja

Watu wakisema "mlo wa mimea" huwa wanazungumzia milo mitatu tofauti. Wa kwanza ni mlo ulioegemea mimea: nafaka, mikunde, mboga na matunda ndiyo msingi, nyama na samaki huonjwa tu. Wa pili huacha nyama na samaki lakini hubakiza mayai na maziwa. Wa tatu ni mimea tupu.

Tofauti hii ina uzito wa kitabibu. Anayekunywa maziwa na kula mayai bado anapata B12, protini kamili na, kwa maziwa, kalisi. Anayekula mimea tupu amefunga milango hiyo yote, hivyo lazima afungue mingine kwa makusudi. Tamko la Akademia ya mwaka 2019 lilikuwa kali dhidi ya mlo huu wa tatu. Likifupishwa kuwa "madaktari wapinga ulaji wa mboga", watu wa makundi yote matatu hujiona wameshtakiwa.

Upande wa mwongozo kwa watu wazima, kwa kweli, Ubelgiji haina ugomvi mkubwa. Mwaka 2019 Baraza Kuu la Afya liliwashauri watu wazima wale angalau gramu 125 za nafaka zisizokobolewa, gramu 300 za mboga na gramu 250 za matunda kila siku, mikunde angalau mara moja kwa wiki, na nyama nyekundu isizidi gramu 300 kwa wiki. Soseji na nyama nyingine za kusindikwa zisizidi gramu 30 kwa wiki. Huo tayari ni mlo ulioegemea mimea. Mabishano yanaanzia hatua ya mwisho, pale kile kidogo kilichobaki kinapoondolewa kabisa.

Mulago: daktari mmoja, nyuso mbili

Mjadala huu una mizizi Afrika Mashariki. Hugh Trowell, daktari Mwingereza, alifanya kazi Kenya na Uganda kwa karibu miaka 30 kuanzia 1929. Katika wodi za Mulago, Kampala, aliona nyuso mbili za mlo wa mimea.

Uso wa kwanza ulikuwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa na kulishwa matoke au uji mtupu: miguu imevimba, nywele zimepauka, uso umejaa huzuni. Ugonjwa huo Waganda waliuita obwosi. Duniani unajulikana kama kwashakoo, jina lililoingia vitabuni kupitia daktari Cicely Williams, aliyelitoa katika lugha ya Ga ya Ghana katika miaka ya 1930. Mwaka 1954 Trowell na wenzake wawili walitoa kitabu kizima kuuhusu.

Uso wa pili ulikuwa wa mtu mzima. Wagonjwa watu wazima waliokula matoke, maharage na mboga hawakuwa na maradhi yaliyojaza hospitali za London. Shambulio la moyo lilikuwa adimu kiasi kwamba mgonjwa mmoja Mwafrika alistahili kuandikiwa ripoti katika jarida la kitabibu mwaka 1956. Trowell pamoja na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa naye Uganda, walirudi Uingereza na katika miaka ya 1970 wakaifanya dunia izungumzie nyuzilishe, yaani makapi ya chakula yasiyosagika tumboni, kama kinga ya utumbo na moyo.

Daktari yuleyule, mji uleule, sufuria ileile ya matoke. Mtoto aliugua kwa kilichokosekana, mzazi alilindwa kwa kilichokuwamo. Anayetaka kuelewa mabishano ya leo aishike picha hiyo.

Kongo ya Wabelgiji ilitoa somo la tatu. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika habari za ugonjwa wa kupooza miguu huko Kwango, uitwao konzo, jina linalomaanisha miguu iliyofungwa. Chanzo chake ni mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, inayoliwa na watu ambao mlo wao hauna protini ya kuusaidia mwili kuondoa sumu. Walikuwa wanakula mimea, na mimea ikawalemaza, kwa sababu njaa ilifupisha siku za kuloweka na hapakuwa na kitoweo.

Hoja za wanaoutetea

Wanaotetea mlo wa mimea wana ushahidi mpana. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, lenye makao Lyon, liliweka nyama za kusindikwa katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Nchini Marekani, utafiti wa Waadventista zaidi ya 73,000, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta wasiokula nyama wana vifo pungufu kwa asilimia 12 katika kipindi cha ufuatiliaji. Uingereza, utafiti wa EPIC-Oxford ulifuatilia watu 48,000 kwa miaka 18, na mwaka 2019 ukaripoti kwamba wala mboga wana maradhi ya mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 22.

Njia zenyewe zinaeleweka. Mafuta ya wanyama yakipungua, lehemu mbaya hushuka. Nyuzilishe huongeza choo, hupunguza kasi ya sukari kuingia damuni na kuwalisha bakteria wazuri wa utumbo. Potasiamu ya mboga husaidia kushusha shinikizo la damu. Kwa jamii za Waafrika wa Ulaya, ambako kisukari na shinikizo vimeshamiri, faida hizi si jambo la anasa.

Udhaifu wa upande huu uko sehemu mbili. Kwanza, asiyekula nyama mara nyingi pia havuti sigara, hanywi sana na anafanya mazoezi. Watafiti hujaribu kuondoa athari hizo kwa hesabu, lakini hesabu haziondoi kila kitu. Pili, "mimea" haina maana ya "afya". Soda ni mmea, chipsi ni mmea, mkate mweupe na jamu ni mimea. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 uligawa milo ya mimea katika makundi mawili. Waliokula nafaka kamili, mikunde, njugu na mboga walikuwa na hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo kwa asilimia 25. Waliokula vyakula vya kukobolewa na vya sukari, navyo vyote vya mimea, hatari yao iliongezeka kwa asilimia 32.

Hoja za wanaotahadharisha

Upande wa pili huanza na vitamini B12. Vitamini hii hutengenezwa na bakteria, na hakuna mmea wa kawaida unaoitoa kwa uhakika. Spirulina na baadhi ya mwani vina zaidi kitu kinachofanana nayo ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Ini la mtu mzima huweka akiba ya miaka kadhaa, na hapo ndipo mtego ulipo: mtu anaacha nyama, anajisikia mwepesi, mwaka unapita, wa pili unapita, kisha vidole vinaanza kufa ganzi. Mtoto anayenyonya kwa mama aliyeishiwa hana akiba hiyo, na neva zake zinaweza kudhurika ndani ya miezi michache.

Orodha haiishii hapo. Madini ya chuma ya mimea hufyonzwa kidogo kuliko ya nyama. Kuna zinki, madini joto, kalisi, mafuta ya omega-3 na vitamini D. Ile EPIC-Oxford iliyowapa wala mboga habari njema za moyo iliwaonyesha pia hatari ya kiharusi iliyozidi kwa asilimia 20. Kwa idadi ya watu, hiyo ni takriban wagonjwa 10 wa moyo pungufu na wagonjwa 3 wa kiharusi zaidi, kwa kila watu 1,000 katika miaka 10. Mwaka 2020 utafiti huohuo uliripoti kwamba wala mimea tupu walivunjika mifupa zaidi: takriban visa 20 vya ziada kwa hesabu hiyohiyo ya watu na miaka.

Kwa watoto, ushahidi unaotajwa sana unatoka Embu, Kenya. Kati ya 1998 na 2000, timu ya Charlotte Neumann iligawa shule 12 katika makundi manne. Watoto wa kundi moja walipewa githeri, yaani mahindi na maharage, yenye nyama ya kusaga, wa pili githeri na maziwa, wa tatu githeri iliyoongezwa mafuta, wa nne hawakupewa kitu. Waliokula nyama waliongoza katika mtihani wa kufikiri na walichangamka zaidi uwanjani. Maziwa yaliwasaidia kimo watoto wadogo waliokuwa wamedumaa. Kutokana na matokeo hayo Lindsay Allen, mtaalamu wa lishe wa Marekani, alisema hadharani mwaka 2005 kwamba kumlea mtoto kwa mimea tupu ni kukosa maadili, na mabishano yakawaka.

Udhaifu wa upande huu nao upo. Watoto wa Embu hawakuwa wanakula mlo wa mimea uliopangwa. Walikuwa wanakula mahindi na maharage kwa sababu ya umaskini, bila kidonge chochote. Utafiti ulithibitisha kwamba nyama inashinda mafuta. Haukujaribu kama githeri yenye B12, zinki na chuma ya kuongezwa ingefikia nyama. Tena sehemu ya fedha ilitoka kwa chama cha wafugaji wa ng'ombe wa Marekani, jambo ambalo halifuti matokeo lakini msomaji anastahili kulijua.

Vivyo hivyo kwa kisa kilichoitikisa Ubelgiji. Mtoto wa miezi 7 wa Beveren alifariki mwaka 2014 akiwa na kilo 4.3, na mwaka 2017 mahakama ya Dendermonde iliwatia hatiani wazazi wake. Alikuwa analishwa vinywaji vya oti, mchele na kinoa badala ya maziwa ya watoto. Kisa hicho hutajwa kama hukumu dhidi ya ulaji wa mimea, ilhali wazazi walidhani mtoto hawezi kustahimili maziwa na gluteni, wala hawakumpeleka hospitalini kwa wakati. Kinywaji cha mchele hakijawahi kuwa chakula cha mtoto mchanga katika mlo wowote. Maziwa maalumu ya watoto yaliyotengenezwa kwa soya yapo, na yana viwango vilivyowekwa na sheria.

Sahani ya sombe kwa karibu

Ili hoja zisibaki hewani, tuichukue sahani moja. Bugali wa mahindi, sombe iliyotwangwa na kupikwa kwa mawese na vitunguu, maharage pembeni, ndakala juu yake. Hiki ni chakula cha Uvira, na hakina ugeni jikoni Brussels.

Mahindi yana upungufu wa lisini, moja ya vijenzi vya protini. Maharage yanaijaza nafasi hiyo. Sombe inaleta protini na chuma, na mawese yasiyosafishwa yanaleta vitamini A. Kutwanga na kuchemsha kwa muda mrefu kunaondoa sumu ya majani ya muhogo, lakini kunaua pia vitamini C, ambayo ingeusaidia mwili kufyonza chuma. Ndakala, anayeliwa na mifupa yake, ndiye mwenye B12, kalisi na mafuta ya samaki.

Sasa kijana amesema hali tena kiumbe. Ndakala ameondoka. Kwa macho, sahani imepungua kitu kidogo. Kwa lishe, imepoteza vitu vitatu kwa mpigo. B12 itabidi itoke kwenye kidonge au chakula kilichoongezwa. Kalisi inaweza kutoka kwenye kinywaji cha soya kilichoongezwa kalisi, au kwenye sukuma wiki, ambayo kalisi yake hufyonzwa vizuri, tofauti na spinachi na mchicha ambao asidi yao huifunga. Omega-3 itafutwe kwenye walnati, mbegu za kitani au mafuta ya mwani. Chungwa au maji ya limau juu ya maharage yatavuta chuma. Chai na kahawa zisubiri saa moja baada ya kula, kwani zinazuia chuma kufyonzwa. Kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake, kama bibi zetu walivyofanya, hupunguza fitati inayoshikilia chuma na zinki.

Na jua? Ubelgiji, tangu Oktoba hadi Machi, jua halina nguvu ya kutengeneza vitamini D katika ngozi, na ngozi nyeusi huhitaji jua jingi zaidi. Hapa mla nyama na mla mimea wako mtumbwi mmoja: wote wamuulize daktari kuhusu vitamini D.

Kwa nini taasisi hazisemi sauti moja

Taasisi hizi zinasoma tafiti zilezile. Zinatofautiana juu ya swali moja: ushahidi ukiwa haba, mzigo wa kuthibitisha ni wa nani?

Akademia ya Ubelgiji, ambayo kamati yake iliongozwa na Georges Casimir, bingwa wa watoto, ilijibu kama daktari wa wodini. Aliyeomba maoni hayo alikuwa Bernard De Vos, mtetezi rasmi wa haki za watoto wakati huo. Hoja yao ilikuwa kwamba mlo unaolazimisha vidonge na vipimo vya damu vya mara kwa mara si wa kumchagulia mtoto asiye na sauti. Wamarekani walijibu kama wapangaji: ukijua upungufu uko wapi, uzibe. Lakini toleo lao jipya la 2025 limejifunga kwa watu wazima peke yao. Wajerumani nao mwaka 2024 waliacha msimamo wao wa kutoupendekeza kwa watoto na wajawazito; sasa wanasema data hazitoshi kupendekeza wala kukataza. Waliokuwa mbali wanasogeleana.

Data zilizopo zinaeleza kusita huko. Nchini Poland, utafiti wa watoto 187 uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta wala mimea tupu wana lehemu mbaya pungufu, lakini pia ni wafupi kwa takriban sentimita 3 na mifupa yao ina madini kidogo. Mtoto huyo ana moyo wa kutamaniwa na mfupa wa kutiliwa shaka. Hakuna anayejua bado akifika miaka 60 kipi kitakuwa kimemgharimu zaidi.

Ukali nao una bei yake. Akademia ilipogusia wajibu wa kisheria wa wazazi, ilikusudia kumlinda mtoto. Lakini mama anayeogopa kushtakiwa atanyamaza kliniki, hatapimiwa B12, na mficha uchi hazai. Upole pia una bei: ukimwambia kila mzazi kwamba "ukipanga vizuri hakuna shida", yule asiye na muda, fedha wala mtaalamu wa lishe husikia nusu ya pili tu.

Kuzipima

Kwa mtu mzima mwenye afya, mizani inaelemea wazi upande wa mimea kwa wingi, na nyama za kusindikwa hazina mtetezi. Kuacha kabisa vya mnyama kunawezekana, na B12 si jambo la hiari. Faida ya nyongeza ya kutoka "nyama kidogo" hadi "hakuna kabisa" ni ndogo kuliko ile ya kutoka "nyingi" hadi "kidogo".

Kwa mjamzito na anayenyonyesha, mlo wenye mayai na maziwa ni salama zaidi kupanga. Anayeshikilia mimea tupu amwambie mkunga mapema, atumie B12 bila kuruka siku, na apimwe chuma na madini joto.

Kwa mtoto mchanga, ziwa la mama au maziwa maalumu ya watoto, basi. Kwa mtoto anayekua, tahadhari ya Akademia ina uzito: tumbo ni dogo, mahitaji ni makubwa, na chakula cha mimea hushibisha kabla hakijalisha. Mulago ililijibu tatizo hili tangu miaka ya 1960 katika kituo cha Mwanamugimu, kilichowafundisha akina mama ekitobero: matoke yanayopikwa pamoja na maharage au karanga, na samaki au maziwa kidogo yanapopatikana. Ni elimu ya kuchanganya, na inafaa Saint-Gilles kama inavyofaa Kampala.

Kwa mzee, protini na mifupa vitangulie. Aliyezoea ndakala wake hana sababu ya kiafya ya kumwacha.

Muhtasari

Mlo wa mimea hupunguza maradhi ya moyo na saratani ya utumbo pale unapochukua nafasi ya soseji, mafuta na sukari. Hudhuru pale unapochukua nafasi ya kitoweo kidogo kilichokuwa kinabeba B12, kalisi na zinki, na pengo likaachwa wazi. Watetezi wako sahihi kuhusu mzazi wa Mulago. Wanaotahadharisha wako sahihi kuhusu mtoto wake. Ubishi unaobaki ni wa kweli, nao unahusu watoto, ambao tafiti zao bado ni chache na fupi.

Mama wa Saint-Gilles aliyeambiwa na mwanawe kwamba ameacha nyama anaweza basi kuziacha taasisi zibishane. Yeye aulize mambo matatu: una umri gani, umeondoa nini, na umeweka nini mahali pake? Kijana akijibu la tatu kwa kuonyesha maharage yaliyolowekwa, sukuma wiki, chungwa na kidonge cha B12, mama apike sombe bila ndakala. Akijibu kwa kuonyesha chipsi na soda, mjadala uanze upya, safari hii bila kuisingizia mimea.